Viongozi wa Kutoka Nje na Mabadiliko ya Jamii Kwenye Maandiko ya Kiebrania: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Haya ni maswali ambayo karibu kila kikundi cha kusoma Biblia nilichokaa kinayauliza, hasa tukifika Waamuzi na Amosi. Nimeanza na mepesi. Ukiona jibu limekutuma swali jingine lifuate, sijataka kurudia mambo mara mbili.

## Mambo ya kuanzia

Hivi maandiko ya Kiebrania ndo Agano la Kale au ni kitu kingine?

Ukilinganisha na Agano la Kale la Waprotestanti ni vitabu vile vile, ila hesabu na mpangilio ndo tofauti. Wayahudi wanaviita Tanakh na wamevigawa mafungu matatu: Torati, Manabii na Maandiko. Wao wanahesabu 24, Waprotestanti 39, kwa sababu kwao Samweli ni kimoja, Wafalme kimoja, Nyakati kimoja, Ezra na Nehemia kimoja, na wale manabii wadogo 12 wote wamekaa kitabu kimoja.

Mpangilio nao una maana. Kwetu Ruthu anafuata Waamuzi, kwao yuko fungu la mwisho na anasomwa sikukuu ya Shavuoti, ambayo ni ya mavuno na pia ya kukumbuka kupewa Torati. Yaani siku wanayoshangilia sheria yao ndo hiyo hiyo wanasikiliza stori ya mwanamke Mmoabi.

Mnaposema "mtu wa nje" mnamaanisha nani hasa?

Hapa Kiswahili kinatubana kidogo, maana neno letu "mgeni" ni yule aliyekuja kukusalimia na ni yule usiyemjua kabisa, wote humo humo. Kiebrania kinawatenganisha. Kuna *ger*, huyu kahamia, anaishi kwenu, analima au anafanya vibarua lakini hana ardhi ya ukoo, ndo yule tunayesema siku ya tatu mpe jembe. Halafu kuna *nokri*, mtu wa taifa lingine asiye na mizizi yoyote hapo. Tofauti hii ni ya mfukoni kabisa: *ger* anapumzika Sabato kama wewe na unamwachia masazo ya mavuno, *nokri* unaruhusiwa kumtoza riba (Kumbukumbu 23:20). Ruthu mbele ya Boazi, mwenye shamba alilookota masazo, anajiita kwa lile neno la pili, la mbali zaidi (Ruthu 2:10), hajipi hata hadhi ya mhamiaji.

Kwenye ukurasa huu naongeza kundi la tatu ambalo watu hulisahau: mzaliwa wa hapo hapo ambaye ndugu zake au sheria imemweka nje. Mtoto wa kahaba, binti asiye na kaka, mchunga mifugo anayesimama kwenye hekalu la mfalme.

Kwa nini mabadiliko yanakuja kupitia watu hawa na sio wazee wenyewe?

Angalia uamuzi ulikuwa unafanyika wapi. Ni langoni, pale mji unapoingilia, wazee wanakaa, kesi zinasikilizwa, mashamba yanauzwa mbele ya mashahidi. Aliyeketi langoni ana ardhi, ana ukoo, ana sauti, na mambo yalivyo yanamfaa, kwa hiyo hata akiwa mtu mwema hawezi kuona kirahisi kinachomuumiza aliyesimama nje ya duara. Wahenga wetu walishasema mgeni njoo mwenyeji apone, na mi naona nusu ya stori za humu ni msemo huo huo.

Sababu ya pili ni kumbukumbu. Kutoka 23:9 inakataza kumwonea mgeni na inatoa sababu moja tu, kwamba ninyi wenyewe mnaijua roho ya mgeni kwa kuwa mlikuwa wageni Misri. Sheria imejengwa juu ya kitu ambacho msikilizaji amekipitia, au bibi yake alikipitia.

## Musa na mkwewe

Musa alikuwa Mwebrania au Mmisri?

Kwa damu Mlawi, kwa malezi mtoto wa nyumba ya Farao. Hata jina lake lina pande mbili, Kutoka 2:10 inalielezea kwa Kiebrania kwamba alitolewa majini, lakini wataalamu wengi wanaliona ni neno la Kimisri la "kuzaliwa", lile lile lililo ndani ya majina ya mafarao kama Thutmose.

Angalia anavyopokelewa. Anaingilia ugomvi wa Waebrania wawili na mmoja anamuuliza nani kakuweka uwe mkuu na mwamuzi juu yetu. Anakimbilia Midiani, anawasaidia mabinti kisimani, wakirudi nyumbani wanamwambia baba yao kuna Mmisri ametuokoa. Waebrania hawamtaki na Wamidiani wanamwita Mmisri, na mtoto wake wa kwanza akamwita Gershomu, jina lenye neno *ger* ndani yake. Kwa hiyo mtu atakayewatoa watumwa Misri ni mtu ambaye hakuna upande uliosema huyu ni wetu.

Yethro yeye alibadilisha nini?

Mi naona huyu ndo hapewi haki yake kabisa. Ni baba mkwe wa Musa na kuhani wa Midiani, mtu wa dini nyingine na taifa lingine, amekuja kumtembelea mkwewe jangwani (Kutoka 18). Anakaa siku nzima anaangalia, Musa ameketi na watu wamesimama foleni toka asubuhi hadi jioni kila mmoja na kesi yake. Jioni anamwambia hili unalofanya si jema, utachakaa wewe na hawa watu pia. Weka wakuu wa maelfu, wa mamia, wa hamsini na wa kumi, watu wanaochukia rushwa, kesi ndogo wamalize wao na ngumu tu zije kwako.

Mgeni wa siku moja akaona kitu ambacho Waisraeli wote walikuwa wamekizoea. Halafu akarudi kwao.

Sasa fungua Kumbukumbu 1:9-18, Musa anaisimulia upya ile ile sistimu ya mahakama na Yethro hatajwi hata kwa neno moja. Jina limedondoka, utaratibu umebaki. Shika hilo, litarudi mara kadhaa huku mbele.

## Yeftha na wenzake

Wazee wa Gileadi walimfukuza Yeftha, iweje wakamfuata tena?

Soma Waamuzi 11 taratibu, ni mazungumzo ya kisiasa safi kabisa. Yeftha ni mtoto wa mtu aitwaye Gileadi, jina moja na nchi yao, kwa mwanamke kahaba. Ndugu wa kambo wamekua wakamtimua, wakasema hutarithi kitu kwenye nyumba ya baba yetu. Kwa hiyo kilichoanza ni ishu ya shamba. Akaenda nchi ya Tobu, wakamkusanyikia watu ambao Kiebrania inawaita "watupu", watu wasio na kitu, akawa kamanda wao.

Waamoni wakaja na vita, wazee hawana mtu, wakafunga safari hadi Tobu. Na hapa Kiebrania kina kitu ambacho tafsiri nyingi zinakipoteza. Ofa ya kwanza wanampa cheo cha *katsini*, jemadari, yaani njoo utupiganie. Yeye hajibu ofa, anawauliza si ninyi mlionichukia mkanifukuza, mbona mnanijia mkiwa na shida? Anawaacha wakae na swali hilo. Ndo wazee wanapandisha dau na kusema utakuwa *roshi*, kichwa cha wakazi wote wa Gileadi. Anawarudishia maneno yao kwa sauti, nikishinda nitakuwa kichwa chenu, wanaapa, na anayarudia yote mbele za Bwana kule Mispa ili wasije wakageuka baadaye. Mtu aliyewahi kunyimwa urithi na ndugu zake anajua kwa nini mwenzake anataka mashahidi.

Kitu kingine, kabla ya kupigana alituma wajumbe kwa mfalme wa Amoni mara mbili na hoja ndefu ya historia, kwamba Israeli wamekaa miji hiyo miaka 300, kwa nini hamkuidai muda wote huo. Kiongozi wa genge ndo alijaribu maneno kwanza.

Kwa hiyo alikuwa kiongozi mzuri?

Hapana, siwezi kusema hivyo, na maandiko yenyewe hayamfichi. Aliapa nadhiri kwamba chochote kitakachotoka mlangoni kumlaki akirudi salama atakitoa sadaka ya kuteketezwa, na akatoka binti yake wa pekee na matari na kucheza. Binti akaomba miezi miwili milimani na wenzake. Jina lake hatupewi. Kilichobaki ni desturi, mabinti wa Israeli walikuwa wanaenda siku 4 kila mwaka kumkumbuka (Waamuzi 11:40), na hiyo desturi walioishika ni wasichana wenyewe, hakuna mzee aliyewaagiza.

Halafu sura ya 12. Waefraimu, kabila jingine la Israeli, wanawatukana Wagileadi kwamba ni watoro tu, vita vinaanza, na watu wa Yeftha wanakamata vivuko vya Yordani. Kila anayetaka kuvuka anaambiwa sema Shibolethi, maana yake suke la nafaka. Mwefraimu ulimi wake unamtoa Sibolethi, anachinjwa hapo hapo. Wakafa 42,000. Msomaji wa Rwanda hahitaji kuelezewa hapa, 1994 kitambulisho kilichoandikwa kabila kilifanya kazi ile ile barabarani.

Kinachoniuma kwenye stori hii ni kwamba aliyefukuzwa kwa sababu ya mama yake, alipopata nguvu akaua watu kwa sababu ya lafudhi yao. Akawa mwamuzi wa Israeli miaka 6 akafa, na hakuna utaratibu wowote tunaoambiwa aliuacha.

Abimeleki naye si alikuwa mtu wa pembeni?

Alikuwa, mama yake suria wa Shekemu (Waamuzi 9). Akachukua vipande 70 vya fedha hekaluni, akakodi watu "watupu", neno lile lile la watu wa Yeftha, akawaua ndugu zake 70 juu ya jiwe moja. Kwa hiyo anayesema wa nje siku zote ni mwema hajafika sura hii. Aliyetoroka, Yothamu, alipanda mlimani akasimulia hadithi ya miti iliyotafuta mfalme: mzeituni ukakataa, mtini ukakataa, mzabibu ukakataa, ukakubali mti wa miiba.

## Wanawake waliobadili utaratibu

Binti za Selofehadi walifanya nini cha ajabu?

Walibadili sheria ya mirathi kwa kusimama na kuongea. Ni watano, Mala, Noa, Hogla, Milka na Tirsa. Baba yao alikufa jangwani bila mtoto wa kiume, ardhi inagawiwa kwa wanaume, kwa hiyo jina la baba linafutika. Wakaenda mlangoni mwa hema, mbele ya Musa, kuhani Eleazari, wakuu na mkutano wote (Hesabu 27). Hoja yao imepangwa vizuri sana: baba hakuwa kwenye uasi wa Kora dhidi ya Musa, kwa nini jina lake liondoke kwenye ukoo kwa sababu tu hana mwana? Musa hakuwa na jibu, akaipeleka kwa Mungu, jibu likaja wanasema haki, na ikatoka sheria ya jumla kwamba asipokuwepo mwana binti anarithi.

Lakini subiri Hesabu 36. Wakuu wa ukoo wakarudi na malalamiko, hawa wakiolewa kabila lingine ardhi si itaondoka nao? Ikaongezwa kwamba waolewe ndani ya kabila la baba, wakaolewa na binamu zao. Haki ilitolewa, halafu ikawekewa uzio. Ukifuatilia mirathi za kwetu utakuwa umeshaona hiki kitu kikitokea.

Ila yao ilishika. Mwaka 1910 kule Samaria vilichimbuliwa vigae vya karne ya 8 kabla ya Kristo vimeandikwa kwa wino, risiti za mafuta na divai, na kwenye majina ya maeneo ya Manase, kabila lao, yapo Noa na Hogla. Mabinti wawili walioogopa jina la baba yao kupotea, majina yao wenyewe yalikuwa majina ya nchi.

Kumbukumbu 23:3 inamkataza Mmoabi, Ruthu aliingiaje?

Swali zuri, na sheria iko wazi kweli, Mwamoni na Mmoabi wasiingie mkutano wa Bwana hata kizazi cha kumi. Ruthu ni bibi wa Yese, baba yake Daudi. Marabi, walimu wa Kiyahudi, baadaye walilijibu kwenye Mishna, mkusanyiko wao wa sheria, kwa kusema neno ni "Mmoabi" mwanaume, wanawake hawakukatazwa.

Stori yenyewe inajibu kivingine, kwa tumbo kwanza. Walawi 19 inaamuru mwenye shamba asivune hadi pembeni na asirudie masuke yaliyodondoka, aache kwa maskini na mgeni. Ruthu akaingia kwenye nafasi hiyo ndogo, akaokota toka asubuhi, jioni akapura akapata kama efa moja ya shayiri. Efa ni kama lita 22, yaani debe limejaa na kidogo juu. Piga picha mwanamke mmoja anaokota suke moja moja ardhini mpaka debe linajaa, halafu analibeba hadi kwa mama mkwe.

Alipomwambia Naomi "Watu wako watakuwa watu wangu, na Mungu wako atakuwa Mungu wangu" hakuna sheria iliyomlazimisha wala iliyomruhusu. Mwishoni ishu inaenda langoni (tazama swali la kwa nini mabadiliko yanakuja kupitia watu hawa), wazee 10 wameketi, ndugu wa marehemu mume wa Ruthu, aliye karibu kuliko Boazi, anavua kiatu kuonyesha amejitoa kumchukua, na Boazi anamchukua. Lango lilelile linalofungia watu nje, siku hiyo lilifunguka kwa sababu mtu wa ndani alikubali kubeba gharama.

## Amosi

Nabii Amosi alikuwa mchunga kondoo maskini?

Tunahubiriwa hivyo lakini sio lazima. Neno la Amosi 1:1 ni *nokedi*, na sehemu nyingine pekee linapotumika ni kwa Mesha mfalme wa Moabu, mwenye kondoo wengi mno. Kwa hiyo huenda alikuwa mfugaji wa maana tu. Unje wake uko kwingine: ni mtu wa Tekoa, kusini, Yuda, kaenda kuhubiri Betheli, ufalme wa kaskazini, enzi za Yeroboamu wa pili, kipindi cha uchumi mzuri.

Kazi yake ya pili ni mikuyu, na huu ni mkuyu huu huu unaoujua mtoni. Tunda lake kule lilikuwa linachanjwa kwa kisu likiwa bichi, siku chache baadaye linavimba na kuiva. Unapanda mtini na kuchanja tunda moja moja, ni kazi ya vidole. Tena mikuyu haistawi Tekoa, ni juu na baridi, kwa hiyo alikuwa anashuka mabondeni na kuzunguka, na nadhani ndo maana alikuwa anajua bei za sokoni.

Alikuwa anapinga nini hasa?

Anataja vitu vya kushika mkononi. Mwenye haki anauzwa kwa fedha na maskini kwa jozi ya viatu (2:6), yaani mtu anachukuliwa utumwani kwa deni dogo hivyo. Nguo iliyowekwa rehani wanaitandika na kulalia kando ya madhabahu (2:8), wakati Kutoka 22 inasema irudishwe kabla jua halijazama maana mwenyewe hana kingine cha kujifunika. Wafanyabiashara wanapunguza efa na kuongeza shekeli (8:5): kipimo cha kuuzia kidogo, jiwe la kupimia fedha zito. Sisi tunaopimiwa mchele kwa kopo lililobonyezwa kitako tunaelewa bila mwalimu.

Vitanda vya pembe za ndovu anavyovitaja 6:4 havikuwa maneno tu, vipande vya pembe vilivyochongwa vimechimbuliwa Samaria miaka ya 1930, ule ule mji wa vigae vya Noa na Hogla.

Alifanikiwa kubadilisha chochote?

Hapo hapo, hapana. Amazia, kuhani wa Betheli, alimwambia rudi Yuda ukale mkate wako huko, hapa ni patakatifu pa mfalme. Sikia hiyo hoja, hajasema Amosi ni mwongo, amesema huyu sio wa hapa. Samaria, mji mkuu wa ule ufalme wa kaskazini, ilianguka kwa Waashuru karibu 722 kabla ya Kristo. Lakini maneno yaliandikwa, na yamekuwa yakitumika dhidi ya wenye mizani za uongo kwa zaidi ya miaka 2,700.

## Maswali magumu

Koreshi hakumjua hata Mungu wa Israeli, kwa nini anaitwa masihi?

Koreshi ni mfalme wa Uajemi, na Isaya 45:1 kweli inamwita hivyo, na mstari wa 4 unakiri wazi kwamba hakumjua aliyemwita. Masihi hapo ni "mpakwa mafuta", mtu aliyeteuliwa kwa kazi. Aliitwaa Babeli mwaka 539 kabla ya Kristo na akawaruhusu Wayahudi waliohamishiwa huko warudi kwao. Kuna silinda yake ya udongo iliyopatikana Babeli 1879, iko British Museum, na humo anasema Marduki, mungu wa Babeli, ndo aliyemchagua, Yerusalemu haitajwi. Nabii aliona kazi ya Mungu mkononi mwa mtu ambaye mwenyewe angetaja mungu mwingine. Na tusisahau, hekalu la Yerusalemu lililojengwa upya lilimalizika 515 kabla ya Kristo lakini Yuda ikabaki jimbo la Uajemi bila mfalme.

Kama wageni wanakaribishwa, mbona kuhani Ezra aliwatenganisha wanaume na wake wa kigeni?

Ni kweli, Ezra 10 ina orodha ya wanaume zaidi ya 100 na wengine walikuwa na watoto. Jamii ilikuwa ndogo, imetoka uhamishoni, inaogopa kuyeyuka. Naelewa hofu, siwezi kusema uamuzi haukuumiza. Lakini kwenye mkusanyiko huo huo kuna Isaya 56, inayosema mgeni asiseme Bwana atanitenga na towashi asiseme mimi ni mti mkavu. Waliokusanya maandiko walikuwa na uwezo wa kutupa upande mmoja na hawakutupa, wametuachia mabishano yakiwa hai.

Kuna mtu wa nje ambaye hatumhubiri kabisa?

Ebedmeleki, Yeremia 38. Ni Mkushi, mtu wa kusini mwa Misri, sehemu ambayo leo ni Sudani, na ni towashi kwenye jumba la mfalme Sedekia. Hata jina tunalomwita lina maana ya mtumishi wa mfalme, inawezekana lake halisi halikuandikwa. Wakuu wamemtupa nabii Yeremia kisimani, hamna maji ni tope, anazama, mji wa Yerusalemu umezingirwa na mkate umeisha. Wote wenye vyeo wamenyamaza. Huyu mgeni anakwenda hadi langoni, mfalme ameketi pale hadharani, anamwambia hawa wamefanya vibaya. Baadaye anaahidiwa kwamba mji ukianguka yeye ataokoka (39:15-18).

Akapewa watu na kamba. Lakini kabla ya kwenda kisimani alipitia chumba kilichokuwa chini ya hazina, akachukua matambara makuukuu na nguo zilizochakaa, akayashusha kwa kamba, akamwambia Yeremia ayaweke makwapani kwanza ndo apitishe kamba, zisimkate wakimvuta.